Kutoa bila kurudisha: gololi ikitoka hakibadiliki kitu, mpaka uione

Kuna ubishi mmoja huwa hauishi watu wakianza kuvuta vikaratasi. Vimekunjwa kumi, kimoja kina alama, atakayekivuta ndo kapata, na hapo hapo utaona watu wanasukumana kila mtu anataka avute wa kwanza maana akichelewa wenzake watakuwa wameshakichukua. Mwingine anajiona mjanja zaidi, anakaa nyuma kabisa, yeye hesabu yake ni kwamba vikibaki viwili chansi yake itakuwa nusu kwa nusu. Wote wawili wamekosea, tena kosa lao ni moja ingawa wanabishana, na ukishaliona kosa lenyewe hii mada ya uwezekano wa kutoa vitu bila kurudisha inabaki kuwa kuzidisha sehemu tu.

Vikaratasi tutavirudia. Kwanza tushike mfuko wa gololi maana ndo rahisi kuona. Mfuko una gololi 8, nyekundu 5 na bluu 3, zote saizi moja, na unaingiza mkono bila kuangalia. Unatoa moja, unaiweka pembeni, hairudi, unatoa ya pili. Uwezekano wa zote mbili kutoka nyekundu ni ngapi?

Ya kwanza haina shida, 5/8. Sasa imetoka nyekundu, umeishika mkononi unaiona. Ndani zimebaki 7, na katika hizo 7 nyekundu ni 4, kwahiyo ya pili ni 4/7. Unazidisha: 5/8 × 4/7 = 20/56, ukiirahisisha 5/14, kama asilimia 36 hivi. Ungekuwa unairudisha ile ya kwanza na kuchanganya upya ingekuwa 5/8 × 5/8 = 25/64, asilimia 39. Tofauti ndogo lakini ipo, na inaenda upande unaotegemea, maana umeshapunguza nyekundu moja kwahiyo kupata nyingine kumekuwa kugumu kidogo.

Hapa kwenye kupunguza ndo mimi nilikuwa napoteza maksi shuleni. Nilikuwa nakumbuka kupunguza namba ya chini, 8 inakuwa 7, afu ya juu naiacha 5 kama ilivyo, naandika 5/8 × 5/7 kwa kujiamini kabisa. Mwalimu hakuandika neno, alizungushia tu ile 5 ya pili na kalamu nyekundu, na nilikaa muda sijaelewa ananiuliza nini. Dawa yake ni ndogo: kabla hujaandika sehemu ya pili jiulize ndani ya mfuko kuna nini SASA HIVI, hesabu kama vile ndo unaanza. Kama iliyotoka ni nyekundu, ya juu na ya chini zote zinapungua, maana sasa kuna nyekundu 4 kati ya 7. Kama iliyotoka ni bluu na wewe unatafuta nyekundu, ya chini inapungua ila ya juu inabaki, 5/7. Na hiyo 5/7 ni kubwa kuliko 5/8 uliyoanza nayo, jambo ambalo watu wanalisahau, wanadhani kutorudisha kila siku kunapunguza chansi. Hapana, inategemea kilichotoka ni nini.

Sasa twende kwenye kiini. Unatoa gololi ya kwanza lakini huiangalii, unaifumbata na kuitia mfukoni mwa suruali. Unatoa ya pili. Uwezekano wa hiyo ya pili kuwa nyekundu ni ngapi?

Wengi watasema haijulikani, inategemea ya kwanza ilikuwa nini. Wengine watasema lazima iwe imepungua maana mfuko haupo kama ulivyokuwa. Haya tuhesabu. Njia ya kwanza kufika huko: ya kwanza nyekundu na ya pili nyekundu, hiyo tunayo, 20/56. Njia ya pili: ya kwanza bluu afu ya pili nyekundu, 3/8 × 5/7 = 15/56. Jumlisha, 35/56, na 35/56 ukiigawa juu na chini kwa 7 unapata 5/8. Ile ile! Haijaongezeka wala kupungua hata kidogo.

Kama bado unaona ni mazingaombwe, zipe gololi majina. Nyekundu ziwe N1 mpaka N5, bluu ziwe B1 mpaka B3. Sasa orodhesha jozi zote za "ya kwanza, ya pili" zinazowezekana. Ya kwanza ina machaguo 8, ya pili 7, jumla jozi 56, na zote zina nafasi sawa. Katika hizo 56, hebu tafuta ambazo N3 imekaa nafasi ya pili: B1 na N3, B2 na N3, B3 na N3, N1 na N3, N2 na N3, N4 na N3, N5 na N3. Saba. N4 nayo ikikaa nafasi ya pili ni saba, B2 nayo saba, hakuna gololi inayopendelewa kukaa nafasi ya pili wala inayobaguliwa. Nyekundu ziko tano, 5 × 7 = 35, 35 kati ya 56. Nafasi ya pili haijui kama ni ya pili, ndivyo ninavyopenda kulisema hili, ni kiti tu kama kiti cha kwanza, na kila gololi ina haki sawa ya kukikalia. Ya tatu hivyo hivyo, ya nane hivyo hivyo. Ukiulizwa uwezekano wa gololi ya sita kuwa nyekundu bila kuona tano zilizotangulia, jibu 5/8 na uendelee na mambo yako.

Kwahiyo kumbe kilichotupeleka kwenye 4/7 pale mwanzo ilikuwa ni macho. Gololi kutoka peke yake hakujabadilisha kitu, kilichobadilisha ni sisi kuiona kwamba ni nyekundu. Uwezekano ni kipimo cha unachokijua, na kutia gololi mfukoni bila kuiangalia hakujakuongezea ujuzi wowote.

Hili lina kona moja ambayo mara ya kwanza inakera. Tuseme ya kwanza umeifumbata, hujaiona, ya pili umeitoa na kuiangalia, ni nyekundu. Uwezekano wa ile ya kwanza, iliyo mfukoni mwako muda wote huu, kuwa nyekundu ni ngapi? Mtu atasema 5/8 kwani ilitoka kabla, ya pili ina uwezo gani wa kurudi nyuma kubadilisha yaliyopita. Lakini hesabu inasema hivi: jozi ambazo ya pili ni nyekundu ni 35, na kati ya hizo ambazo ya kwanza pia ni nyekundu ni 20, kwahiyo 20/35, yaani 4/7. Sawa sawa kabisa na kama ungeona ya kwanza na kuuliza ya pili. Ya pili haikubadilisha chochote kilichopita, imekupa habari tu, imekwambia "mimi ni moja ya zile nyekundu tano", basi iliyo mfukoni mwako haiwezi kuwa mimi, inatoka kwenye saba zilizobaki ambazo nne ni nyekundu. Ishu ya nani katoka kwanza haipo kabisa kwenye hesabu.

Sasa vikaratasi. Anayevuta wa kwanza ana 1/10. Anayevuta wa tatu ili apate lazima wawili wa mwanzo wakose, 9/10 × 8/9 × 1/8, angalia 9 inakatana na 9, 8 inakatana na 8, inabaki 1/10. Yule mjanja wa kusubiri vibaki viwili, ni kweli vikibaki viwili na alama bado haijatoka chansi yake ni nusu, ila hajajiuliza uwezekano wa kufika hapo alama ikiwa bado imo: ni 2/10. Na 2/10 × 1/2 = 1/10. Wa kwanza anaogopa tukio ambalo likitokea litamuumiza, wa mwisho anatamani tukio ambalo likitokea litamnufaisha, wote wanahesabu kama vile tukio lenyewe limeshatokea na wameliona. Hawajaona kitu bado.

Tugeukie ukubwa wa mfuko, maana watu huuliza kama hii ya kutorudisha ina uzito wowote au ni kusumbuana tu. Jibu ni kwamba inategemea umechota kiasi gani kulinganisha na kilichomo. Mfuko wetu ukuze mara elfu, nyekundu 5,000 na bluu 3,000. Nyekundu mbili mfululizo bila kurudisha ni 5000/8000 × 4999/7999, inakuja 0.39060, na kwa kurudisha ni 0.39063. Tofauti iko kwenye desimali ya tano, sio ya kugombania. Ndo maana kwenye takwimu kuna mazoea kwamba ukichukua sampuli isiyofika asilimia 10 ya kundi zima unaruhusiwa kuhesabu kama unarudisha.

Lakini karata 52 sio gololi elfu nane. Kopa ziko 13. Kuvuta kopa mbili bila kurudisha ni 13/52 × 12/51, inakuwa 1/17 kamili, na kwa kurudisha ni 1/16. Unaona wanakaribiana, unaweza kudharau. Endelea mpaka kopa tano: kwa kurudisha ni robo mara tano, 1/1024. Bila kurudisha ni 13 × 12 × 11 × 10 × 9 gawanya kwa 52 × 51 × 50 × 49 × 48, na hiyo ni kama mara 1 kati ya 2,019. Karibu nusu ya ile nyingine! Kila kopa inayotoka inafanya inayofuata iwe ngumu zaidi na ugumu huo unazidishana. Kwahiyo usizoee sana kusema "tofauti ni ndogo", ni ndogo mwanzoni.

Kuna jambo lingine linachanganya, la mpangilio. Ukiulizwa uwezekano wa kupata nyekundu mbili na bluu moja ukitoa gololi tatu kwenye mfuko wetu wa nane, swali halijasema bluu itoke ya ngapi. Inaweza kutoka ya kwanza, ya pili au ya tatu. Andika zote: NNB ni 5/8 × 4/7 × 3/6, NBN ni 5/8 × 3/7 × 4/6, BNN ni 3/8 × 5/7 × 4/6. Chini kote ni 8 × 7 × 6 = 336, juu kote ni 5, 4 na 3 zimebadilishana viti tu, 60. Zote zinalingana, kwahiyo huna haja ya kuhesabu kila moja, hesabu moja zidisha kwa idadi ya mipangilio, 3 × 60/336 = 180/336 = 15/28. Ukiwahi kuona mpangilio mmoja unatoa namba tofauti na mwenzake jua kuna mahali umesahau kupunguza. Mimi hiyo naitumia kama kipimo cha kujikagua.

Wale wanaopenda njia ya machaguo watafika hapo hapo: njia za kuchagua nyekundu 2 kati ya 5 ni 10, bluu 1 kati ya 3 ni 3, gololi 3 kati ya 8 ni 56, basi 10 × 3 / 56 = 30/56, ile ile 15/28. Vitabu vinaiita hii mgawanyo wa haipajiometriki, jina linatisha kuliko hesabu yenyewe.

Na "angalau moja"? Hapo usihangaike. Angalau bluu moja katika gololi tatu. Nimeshaona mtu anajumlisha 3/8 + 3/8 + 3/8 anapata 9/8, uwezekano mkubwa kuliko moja, afu anasonga mbele bila hata kushtuka. Kinyume cha angalau bluu moja ni kukosa bluu kabisa, yaani nyekundu tupu, 5/8 × 4/7 × 3/6 = 60/336 = 5/28. Toa kwenye moja, 23/28. Kwisha.

Kuna ujanja mmoja haufundishwi sana na mimi naupenda kuliko yote. Boksi lina balbu 20, mbili ni mbovu, mkaguzi anachukua 4 kupima. Uwezekano wa kutokukuta mbovu hata moja? Njia ya kawaida: 18/20 × 17/19 × 16/18 × 15/17. Sehemu nne. Sasa geuza kichwa cha habari. Balbu zinakaa boksini, mkaguzi keshaamua zipi nne atapima, 16 hatazigusa, na zile mbovu mbili ndo zinatafuta mahali pa kukaa. Ya kwanza ijifiche kwenye zisizoguswa, 16/20. Ya pili nayo, 15/19. Zidisha: 240/380 = 12/19, kama asilimia 63. Sehemu mbili badala ya nne, na ukirudi kwenye zile nne utaona 18 na 17 zinakatana juu na chini unabaki na hizi hizi. Angekuwa anapima balbu 9 kati ya 20 njia ya kawaida ingekuwa sehemu tisa, hii bado ni mbili tu: 11/20 × 10/19. Inakubali kwa sababu ile ile ya viti, nani anamchagua nani haijalishi. Na asilimia 63 si ndogo, huyo mkaguzi anapima moja ya tano ya boksi na bado mara nyingi ataondoka anaamini boksi ni zima.

Baada ya kusema kote huko kwamba zamu haina maana, kuna mahali zamu ina maana, na hapo wenye akili kubwa walishajichanganya. Mwaka 1657 Mholanzi Christiaan Huygens alichapisha kijitabu cha hesabu za michezo ya bahati, mwishoni akaacha maswali matano wasomaji wajitafutie. La pili ni hivi: wachezaji watatu, A, B na C, wana vidude 12, vyeupe 4 na vyeusi 8. Wamefumbwa macho, anavuta A, afu B, afu C, afu A tena, wa kwanza kutoa cheupe ndo mshindi. Kila mmoja ana chansi gani? Tatizo ni kwamba swali halikusema kidude kikitoka kinarudi au hakirudi. Jakob Bernoulli wa Uswisi, kwenye kitabu chake kilichotoka 1713 miaka nane baada ya kufa kwake, ikabidi alitatue kwa tafsiri tatu: wanarudisha, hawarudishi, au kila mtu ana vidude vyake 12 peke yake.

Wakirudisha, uwiano wa A, B na C ni 9 kwa 6 kwa 4. Wasiporudisha ni 77 kwa 53 kwa 35. Ziweke kwenye asilimia: A anashuka kutoka 47.4 mpaka 46.7, B anapanda kutoka 31.6 mpaka 32.1, C anapanda kutoka 21.1 mpaka 21.2. Kutorudisha kunawasaidia waliochelewa, kidogo tu, kwa sababu kila cheusi kinachotoka hakirudi kumsumbua anayefuata.

Ila mbona A bado yuko juu sana kama nafasi zote ni sawa? Kidude cha pili kuwa cheupe ni 4/12, sawa na cha kwanza, hilo halijavunjika. Lakini B kupata cheupe hakumtoshi, inabidi na A awe amekosa, 8/12 × 4/11, na hiyo ni 8/33. Kwenye vikaratasi kumi alama ilikuwa moja, ukiipata wewe moja kwa moja wenzako wamekosa. Hapa vyeupe viko vinne na mchezo unakatika cha kwanza kikitokea, vingine vitatu vinabaki ndani bila mwenyewe. Na C akiwa na bahati ya ajabu anaweza kufikiwa na zamu yake ya tatu vyeusi vyote vinane vimeshatoka, ndani vimebaki vinne vyeupe tupu, hata akivuta amelala anashinda. Hiyo hutokea mara 1 kati ya 495.